Kumcha Mungu Zamu ya Usiku



Mimi ni muuguzi mkunga. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya utu uzima nimeipitisha katika vyumba vya kujifungulia vya zahanati, vituo vya afya na hospitali mkoani Kagera, na ningali kazini. Ushuhuda wa namna nilivyompokea Yesu nimeutoa mara nyingi kanisani. Huu ninaouandika leo ni wa jambo lililokuja miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshaokoka, naimba kwaya, natoa zaka, na huku moyoni natawaliwa na hofu ya watu. Mungu aliing'oa hofu hiyo, akapanda hofu yake mwenyewe mahali pale pale. Tangu hapo nimekuwa mwanafunzi wa hekima ambayo chuo cha uuguzi, pamoja na mema yote kiliyonipa, kisingeweza kunipa.

Nililelewa na bibi mzaa baba katika kijiji kilicho kando ya ziwa, si mbali na Bukoba. Bibi alikuwa mtu wa Uamsho. Kwa vijana wasioijua habari hiyo, ni hivi: miaka ya 1930, kwenye misheni ya Gahini nchini Rwanda, watu walianza kutubu hadharani, kurudisha vitu walivyoiba, kulipa madeni waliyokuwa wameyakana na kuombana msamaha, mwenye cheo na asiye na cheo. Moto ule ukaenea Uganda, ukavuka mpaka ukaingia kwetu Buhaya. Ndio uliomlea Askofu Josiah Kibira, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Bibi yangu hakuwa na cheo. Aliuza maharage sokoni. Kabla ya kuokoka alikuwa akimwogopa Mugasha, ambaye wazee wa Kihaya walimhesabu kuwa bwana wa ziwa na dhoruba. Aliwaogopa wachawi, akawaogopa wafu, akavaa hirizi kiunoni. Alipookoka aliiteketeza mbele ya ushirika. Mimi nilimkuta akiwa mwanamke asiyetishwa na kitu. Sokoni alikuwa akijaza kisado cha maharage, anakitikisa ili yashuke, anaongeza mpaka yanamwagika pembeni, ndipo anammiminia mteja kwenye mfuko. Alifanya hivyo hata mteja akiwa amempa mgongo anazungumza na jirani. Utotoni niliona kuwa ni tabia yake tu. Sikujua kwamba kile kisado kilichofurika na ile hali ya kutowaogopa wachawi vilichipuka kwenye shina moja.

Hofu yangu mimi haikuhusu mizimu. Niliwaogopa watu wenye sauti. Nilimwogopa muuguzi mfawidhi, nikamwogopa daktari aliyesifika kwa kufoka akiamshwa usiku, nikawaogopa ndugu wa wagonjwa, nikaogopa kusemwa, kuhamishwa, kuitwa mbele ya kamati. Hofu ya namna hiyo ina ujanja wake. Inakufundisha siku ya ukaguzi, inakufundisha nani anapenda nini, na jambo gani litaonekana na lipi halitaonekana. Mahali penye macho ya watu kazi yangu ilikuwa safi. Timu ya wilaya ilipokuja, wodi ilinukia dawa na kila faili lilikuwa mahali pake. Niliitwa mtumishi mzuri, na mwenyewe niliamini hivyo.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana hapo ndipo Mungu aliponikuta. Mama akiwa katika uchungu wa kujifungua, mkunga humfungulia karatasi iitwayo partografu. Mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila baada ya nusu saa, na kwa muda huohuo hupimwa mapigo ya mama na nguvu ya uchungu. Kila baada ya saa nne hupimwa shinikizo la damu na kuangaliwa njia imefunguka sentimita ngapi. Yote yanachorwa kwenye karatasi moja yenye mistari miwili ya mshazari. Wa kwanza ni wa tahadhari, na wa pili, ulio kulia kwake, ni wa kuchukua hatua. Mchoro ukiuvuka ule wa kwanza, ujue mambo yamechelewa. Ukiufikia wa pili, uamuzi usingoje tena.

Karatasi hii imeokoa maisha ya wengi ikijazwa kwa wakati wake. Lakini inaweza pia kujazwa asubuhi, mtoto akiwa ameshazaliwa, mtu ameketi mezani anapanga nukta zinazopendeza. Mkaguzi hataona tofauti. Mama mwenyewe hajui kuisoma, na hata angejua, saa ile yuko vitani. Kila aliyefanya kazi leba anayajua mazoea haya, na mimi nilikuwa nayo.

Badiliko lilianzia kwenye ibada ya jumuiya. Siku hiyo neno lilikuwa kwa mzee mmoja, mwinjilisti mstaafu, mtu wa maneno machache. Alifungua Walawi sura ya 19. Katika sura hiyo kuna amri inayokataza kumtukana kiziwi na kumwekea kipofu kikwazo njiani, na papo hapo Mungu anaagiza tumche yeye. Mzee akatuuliza, "Kwa nini hofu ya Mungu imetajwa hapa? Mbona haikutajwa kwenye kila amri ya sura hii?" Tulinyamaza.

Akasema, "Ukimtukana kiziwi, atakushitaki kwa nani, naye hakukusikia? Kipofu akijikwaa, atamtaja nani, naye hakumwona aliyeweka gogo? Sheria imewatafuta watu wawili ambao aliyewakosea hatajulikana kamwe. Halafu imemgeukia huyo mkosaji ikamwambia kwamba yupo anayesikia na yupo anayeona. Wanangu, kumcha Mungu kunaanzia pale ambapo jirani yako hana shahidi."

Neno lile lilinishika. Nikauliza, "Baba, na mtu aliyelala usingizi wa ugonjwa?"

"Naye yumo."

"Na mwanamke aliye katika uchungu?"

Alinitazama. Alijua kazi yangu. "Huyo yumo zaidi, mwanangu."

Niliondoka pale kwenda kazini moja kwa moja, maana nilikuwa na zamu ya usiku. Leba kulikuwa na binti wa mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimita sita. Shangazi yake alikuwa nje kwenye benchi, amejifunika kitenge, usingizi umemchukua. Nilitoa karatasi mpya ya partografu, nikaivua saa yangu na kuiweka mezani, nikasema moyoni: Bwana, kila nukta nitakayoiweka hapa usiku huu nitakuwa nimeisikia kwa sikio langu.

Wanaoijua fetoskopu ya mbao wanajua inavyotaka utulivu. Unainama, unaikandamiza tumboni kwa sikio bila kuishika kwa mkono, unabana pumzi, na mkono wako wa pili uko kwenye mshipa wa mama ili usije ukahesabu mapigo yake ukadhani ni ya mtoto. Saa sita usiku nilihesabu 140. Saa saba nilihesabu 138. Nikaendelea hivyo, nusu saa kwa nusu saa, na binti akaanza kunizoea. Kila niliposogea alijigeuza mwenyewe. Saa nane na nusu, uchungu ulipoachia, nilihesabu nikapata 96. Nilirudia dakika nzima. 94.

Mapigo ya mtoto yakikaa chini ya 110, mtoto anaomba msaada. Nilimlaza binti ubavu wa kushoto, nikamtundikia dripu, nikasikiliza tena. Hayakupanda. Ikabaki simu, na wa kupigiwa alikuwa yule daktari wa kufoka.

Ninachotaka kukishuhudia ni kilichotokea moyoni mwangu katika dakika ile. Zamani akili yangu ingegawanyika. Sehemu moja ingekuwa kwa mtoto, na sehemu kubwa ingekuwa inatunga maneno: nitamwambiaje, atanijibuje, labda mapigo yatapanda, labda nisubiri kidogo, kutakucha tu. Usiku ule mashauri hayo hayakuja. Daktari alikuwa ni yule yule na ukali wake ulikuwa ni ule ule, ila nilikuwa nimesimama mbele za Mkuu kuliko yeye, na katika kusimama huko ukali wa mwanadamu ukawa jambo dogo. Nilipiga. Alifoka. Nikamtajia namba: saa fulani mapigo kadhaa, saa fulani kadhaa, sasa 94 na hayapandi. Hakuwa na la kubishana na namba zile. Alikuja, binti akaingizwa chumba cha upasuaji, na mtoto akatolewa kitovu kimemzunguka shingoni. Hakulia. Nilimkausha, nikamwekea barakoa, nikampulizia hewa ndani ya ile dakika ya kwanza ambayo wakunga tunaiita dakika ya dhahabu, na akalia.

Tangu usiku huo nimeelewa kwa nini Maandiko hayataki kuitenga hekima na kumcha Mungu. Zamani niliona ni vitu viwili: uchaji ni wa kanisani, hekima ni ya wenye akili na uzoefu. Nilichogundua ni kwamba mtu anayewaogopa watu hawezi kukiona vizuri kilicho mbele yake, kwa kuwa muda wote anaangalia uso wa yule anayemwogopa. Anajua mengi, lakini ujuzi wake unafanya kazi ya kumlinda yeye. Anayemwogopa Mungu amefunguliwa macho. Anaweza kumtazama mgonjwa akamwona mgonjwa, akatazama namba akaona namba. Ujuzi wangu wa ukunga usiku ule ulikuwa ni ule wa siku zote. Kilichokuwa kipya ni bwana wa ujuzi huo.

Baada ya hapo nilirudi kwenye Biblia yangu kama mtu aliyepewa kitabu kipya. Nikakutana na wakunga wenzangu wawili katika Kutoka sura ya 1, Shifra na Pua. Nilikuwa nimezisoma habari zao tangu Shule ya Jumapili, na sikuwahi kuzipa uzito. Farao anawaagiza wawaue watoto wa kiume wa Waebrania pale pale wanapozaliwa. Fikirini hali yao. Aliyeagiza ndiye mfalme wa dola kubwa, na kazi yenyewe inafanyika katika chumba ambacho mwanamume haingii. Wangeweza kusema wameamriwa. Biblia inatoa sababu moja tu ya kukataa kwao: walimcha Mungu. Haitaji kwamba walikuwa majasiri kwa tabia, wala kwamba walikuwa na jamaa wakubwa wa kuwatetea. Na angalieni jambo lingine. Katika habari ile jina la mfalme halikuandikwa. Anaitwa Farao, basi. Majina ya wakunga wawili yameandikwa, na mpaka leo tunayasoma.

Hapo nikamwelewa na bibi, na nikakumbuka habari aliyopenda kutusimulia jioni. Ilimhusu Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, mtu wa Uamsho kama yeye, aliyeokoka mwaka 1948. Februari 1977, askari wa Idi Amin walipokuwa wamevamia na kupekua nyumba yake usiku, yeye na maaskofu wenzake walimwandikia rais barua ya kulalamikia mauaji na uonevu uliokuwa ukiendelea nchini. Waliijua hatari yake. Tarehe 16 ya mwezi huo Luwum aliuawa, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Mwaka uliofuata majeshi ya Amin yakaivamia Kagera yetu, na bibi akawa miongoni mwa waliowapokea wakimbizi kutoka ng'ambo ya mto. Alikuwa akisema, "Amin alikuwa na bunduki, lakini usiku hakulala. Janani alilala." Nilidhani anatufariji watoto. Sasa najua alikuwa anatufundisha namna ya kuishi.

Isidhaniwe kwamba tangu hapo mambo yangu yamekuwa mteremko. Nitasema kweli, kwa kuwa ushuhuda unaoficha gharama unawaumiza wanaoufuata. Kujaza karatasi kwa wakati kulinifanya nionekane najikweza. Kuna kituo ambako nilikataa kuweka sahihi yangu kwenye orodha ya dawa ambazo sikuziona zikipokelewa, na haukupita muda nikaletewa barua ya uhamisho kwenda zahanati ya mbali, ambako maji tuliyachota kisimani na simu ilishika ukisimama juu ya kichuguu. Mume wangu, ambaye ni mwalimu, alibaki mjini na watoto. Nililia sana. Lakini katika zahanati ile nilizalisha watoto wengi wa akina mama ambao kabla ya hapo walijifungulia nyumbani, na nilijifunza kuomba.

Na yupo mama ambaye hatukumwokoa. Alifika kwetu usiku akiwa amepoteza damu nyingi, baada ya kujifungulia njiani. Tulifanya kila tulilofundishwa. Oksitosini ilichomwa, kizazi kikasuguliwa, dripu mbili zikafunguliwa, gari la wagonjwa likaitwa. Damu ya kumwongezea haikuwepo. Alifariki kabla gari halijafika. Mtoto wake alikuwa hai, amefungwa kanga ya mama yake.

Kumcha Mungu hakukumzuia mama yule asife. Kulitufanyia kitu kingine. Kwa kawaida kila kifo cha mama mjamzito au mzazi hujadiliwa katika kikao maalumu, ili ijulikane nini kilikosekana na nini kirekebishwe. Kikao hicho kimewekwa ili watu wajifunze, wala si ili mtu ashitakiwe. Lakini watumishi wakiogopana, kinageuka kuwa mahali pa kujilinda. Saa zinasogezwa, maneno yanapunguzwa, na mwisho inaandikwa kwamba mgonjwa alichelewa kufika. Usiku ule, mwili ukiwa bado haujaondolewa, mimi na mwenzangu tulisimama tukaomba, kisha tukaandika kila kitu kwa saa yake, pamoja na dakika tulizozipoteza kutafuta ufunguo wa friji ya dawa na muda ambao gari lilikaa bila dereva. Tuliisoma taarifa ile kwenye kikao bila kupunguza neno. Haikuwa rahisi, na wapo waliokasirika. Lakini baada ya kikao kile ufunguo wa friji ulitundikwa leba, ukutani, na dereva wa usiku akapangiwa zamu inayojulikana. Mambo hayo mawili madogo yametusaidia usiku mwingine mwingi. Kweli iliyosemwa kwa hofu ya Mungu iliwahudumia akina mama ambao hawakujua kamwe kwamba ilisemwa.

Nchi yetu imepiga hatua kubwa katika kupunguza vifo vya uzazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vitokanavyo na uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Wataalamu watataja vyumba vya upasuaji vilivyojengwa katika vituo vya afya, damu salama, magari, dawa na mafunzo, nami naungana nao katika yote. Naongeza la kwangu kama mkunga: vyote hivyo vinamfikia mama kwa mikono ya mtu mmoja aliye macho usiku. Serikali inaweza kumpa mtu huyo vifaa. Haiwezi kuketi naye saa tisa usiku.

Eneo lingine ambalo hofu ya Mungu ilinigusa ni fedha. Wodi ya wazazi ni mahali pa furaha, na penye furaha watu hutoa. Ndugu anakushika mkono, na unapouachia unakuta noti. Wanaiita asante, au ya soda. Wengine wanatoa kwa moyo, na wengine wanatoa kwa woga wa kwamba mgonjwa wao asipotolewa kitu hataangaliwa. Aliyenisaidia hapa ni Nehemia. Katika sura ya 5 anaeleza kwamba kwa miaka 12 aliyokuwa liwali wa Yuda hakuila posho ya chakula ya liwali, ingawa ilikuwa haki yake na waliomtangulia waliitoza kwa watu. Sababu anayoitoa ni kwamba alimwogopa Mungu, na kwamba watu walikuwa wameshalemewa. Nilipoisoma nikajiuliza: mwanamke huyu amekuja kwa bodaboda ya kukopa, mumewe ameuza mkungu wa ndizi ili kununua beseni na kitenge cha kumpokelea mtoto, noti hii imetoka wapi? Siku hizi naurudisha mkono wa ndugu kwa upole, namwambia, "Mnunulie mzazi uji. Asante nimeipokea." Hakuna ndugu aliyeondoka amekasirika.

Nyumbani nako kumebadilika. Mtoto wetu mmoja alipokuwa akianguka kifafa, wakwe walisisitiza apelekwe kwa mganga wa kienyeji, wakisema amerogwa na jirani. Sikugombana nao, maana ni wazazi wetu na tunawaheshimu. Niliwapigia magoti, nikawaambia, "Baba na mama, sisi tunamwogopa Mungu mmoja tu, na huyo ametupatia madaktari." Tulimpeleka kliniki, akaanzishiwa dawa, na anasoma. Jirani aliyetuhumiwa tungali tunachota naye maji na kuombana chumvi. Nafikiri mara nyingi juu ya jirani huyo. Angepoteza jina lake kijijini kwa kosa ambalo hakulifanya, kama nyumbani kwetu hofu ya wachawi ingekuwa kubwa kuliko hofu ya Mungu.

Baadhi ya vijana huniuliza: je, kuishi ukijua Mungu anakutazama kila saa si mzigo? Je, si kuishi kama mfungwa? Nawajibu kwa nililoliona. Mungu ninayemcha alitoa Mwana wake kwa ajili yangu kabla sijamjua. Macho yake yananitazama kwa kunitaka nipone, na yanamtazama hivyohivyo yule binti aliye kitandani. Ndiyo maana siwezi kumdharau binti huyo: yuko chini ya macho yale yale niliyo chini yake. Mzigo ulikuwa ule wa zamani, wa kubeba nyuso za watu wote, kila mmoja na hasira zake na matakwa yake, na kuzipendeza zote. Nilikuwa na mabwana wengi. Sasa ninaye mmoja, naye ni mwenye rehema. Nikikosea, najua pa kwenda kutubu, na ninarudi kazini nikiwa mtu aliyesamehewa.

Ndugu msomaji, huenda wewe si mkunga. Lakini kila kazi ina kiziwi wake na kipofu wake, mtu ambaye hawezi kujua ulichomtendea. Fundi, mwenye nyumba hataona nondo ulizozipunguza ndani ya zege. Mwalimu, mtoto wa darasa la pili hajui kwamba leo hukumfundisha. Karani wa mizani, mkulima wa kahawa hawezi kuusoma mshale ukiwa umeelekea upande wako. Mhasibu wa ushirika, mjane aliyeweka akiba yake hajui hesabu za mwisho wa mwaka. Mama wa nyumbani, yule dada wa kazi aliyetoka kijijini hana wa kumsimulia unavyosema naye mlango ukishafungwa. Mtafute huyo wa kwako. Ukishamjua, umejua mahali ambapo Mungu anakungoja.

Usianze na mambo makubwa. Mimi nilianza na karatasi moja na saa ya mkononi. Chukua kona moja ya kazi yako isiyokaguliwa na mtu, mkabidhi Mungu, na uifanye kwa siku ya kesho kana kwamba yeye ndiye atakayeipokea, kwa kuwa kweli ndiye anayeipokea. Utashangaa jinsi akili yako itakavyotulia. Utawaona watu walivyo, utajua la kusema na la kunyamazia, na mambo uliyokuwa ukiyaogopa yatarudi kwenye ukubwa wake.

Nawaombea watumishi wote wa zamu ya usiku, wauguzi, walinzi, madereva, akina mama wanaowauguza wazee wao majumbani, Mungu awape kumcha yeye, na katika kumcha yeye awape hekima.